Nyumba ya mnada Busanza, na mtu ndani yake

Matangazo ya minada ya nyumba mjini Kigali hufuata mtindo mmoja. Msimamizi wa mauzo, ambaye wengi humwita risiva, anaujulisha umma kwamba kwa uamuzi wa Msajili Mkuu wa kuuza rehani, atanadi kwa njia ya mtandao nyumba yenye UPI fulani, yaani namba ya kiwanja, iliyoko mudugudu (kijiji) fulani, akagari ka Busanza, sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro. Hufuata ukubwa wa kiwanja, thamani iliyokadiriwa, dhamana ya kushiriki, siku na saa ya kufunga dau, na namba ya simu kwa anayetaka kwenda kuiona. Jambo moja halimo: nani anaishi ndani, na analipa pango au halipi.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kununua nyumba ya namna hiyo ili aipangishe. Ninachotaka ukishike kabla hujaweka hata faranga moja ni hiki: mtu aliyemo ndani ni sehemu ya bei. Kuta zina mthamini, paa lina fundi, lakini miezi atakayokaa humo mtu asiyelipa hakuna atakayekuhesabia isipokuwa wewe mwenyewe. Tena kwa kuwa ni mtu, namna utakavyomwendea ndiyo itakayoamua kama utakabidhiwa funguo baada ya wiki chache au baada ya mwaka wa kwenda na kurudi mahakamani.

Busanza hasa si mahali pa kuingia kwa kishindo. Mwaka 2022 familia zilizokuwa zikiishi Kangondo na Kibiraro huko Nyarutarama, mitaa iliyozoeleka kwa jina la Bannyahe, zilihamishiwa katika nyumba zilizojengwa hapa na kampuni ya Savannah Creek. Kabla ya hapo ulikuwepo mvutano wa miaka, na kesi, kwa sababu wengi wao walitaka fidia ya fedha badala ya nyumba mbadala. Maana yake ni kwamba baadhi ya majirani wa nyumba unayoitamani wanajua vizuri sana kuondolewa mahali kukoje. Ukija na vijana wa kubeba vyombo na kufuli mpya mkononi, kiongozi wa mudugudu atapigiwa simu kabla hujafika mlangoni, na utakuwa umejipatia wapinzani ambao hukuwa nao.

Kabla ya bei, mjue aliyemo

Neno “mpangaji asiyelipa” linafunika watu wa hali tofauti kabisa, na kila hali ina dawa yake.

Yupo mwenye nyumba wa zamani mwenyewe. Alikopa, biashara ikayumba, benki ikaomba nyumba iuzwe, naye bado analala humo na mkewe na watoto. Huyu hakuwahi kuwa mpangaji wa mtu. Anayemlaumu ni benki, lakini uso atakaouona mlangoni ni wako. Mara nyingi ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu anaamini nyumba imeuzwa kwa bei ya kutupa, na pengine ana wakili anayemwambia mnada unaweza kubatilishwa.

Yupo mpangaji aliyeacha kulipa alipoona watu wa benki wanakuja kupiga picha. Sikiliza kwa makini kabla hujamwita sugu. Mwenye nyumba wa zamani anamdai, benki inamwambia mambo mengine, risiva anapita na karatasi. Yeye hajui ampe nani fedha, basi anakaa nazo au anazila. Kushindwa kulipa na kutojua pa kulipa ni vitu viwili, na huyu wa pili anaweza kuwa mpangaji wako bora wa miaka ijayo.

Yupo aliyelipa mbele. Kigali ni kawaida kutoa pango la miezi 3 kwa mkupuo, na mwenye shida ya fedha humwomba mpangaji hata mwaka mzima. Mpangaji huyo alitoa fedha halali kwa mtu ambaye wakati ule alikuwa mwenye nyumba, kisha anakuja mgeni kumwambia hajalipa. Hasira yake ni ya haki hata pale ambapo mkataba wake hauna nguvu dhidi yako. Lakini hapohapo kuna mlango wa udanganyifu: mkataba wa miaka 3, umelipwa wote, umeandikwa siku chache baada ya mdaiwa kupata barua ya benki, na mpangaji ni shemeji yake. Namna ya kutofautisha ni kufuata fedha. Omba kuona ujumbe wa MoMo au taarifa ya benki inayoonyesha malipo. Uliza mkataba ulisainiwa mbele ya noteri au la. Fedha ya miaka 3 haihami mkono kwa mkono bila kuacha alama popote.

Na mwisho yupo mlinzi au ndugu aliyeachwa kutunza. Huyu kwa kawaida huondoka kwa staha akilipwa mshahara wake anaoudai, ambao aliyemwajiri hakuwahi kumlipa. Ni fedha ndogo. Zitenge.

Makaratasi

Nchini Rwanda benki haihitaji hukumu ya mahakama ili kuuza rehani iliyosajiliwa. Sheria ya rehani ya 2009, iliyorekebishwa 2010, inaipa nafasi ya kumwendea Msajili Mkuu aliye ndani ya RDB, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, ambaye huidhinisha uuzaji na kumteua msimamizi. Njia hii ni ya haraka, na wakopeshaji wanaipenda. Kwako wewe mnunuzi ina upande wa pili: kwa kuwa kesi haikutangulia, mdaiwa anaweza kwenda mahakamani kwa mara ya kwanza mnada ukiwa umetangazwa, au hata baada ya wewe kushinda. Anayetoka Nairobi asidhani mambo ni yaleyale aliyozoea. Kule Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkopeshaji kutoa notisi ya miezi 3 kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na mivutano mingi huibuka katika kipindi hicho. Hapa inabidi uitafute mivutano mwenyewe.

Anza na UPI. Namba hiyo ikianza na 1/03 ndiyo Kicukiro. Ulizia taarifa za kiwanja katika mfumo wa Mamlaka ya Taifa ya Ardhi uone mambo haya: majina ya wamiliki wote, matumizi yaliyoruhusiwa, rehani zilizosajiliwa, na kizuizi chochote. Hati za siku hizi ni za kielektroniki, kwa hiyo karatasi ya zamani yenye mhuri isikutoshe. Kama hati ina majina ya mume na mke, omba risiva akuonyeshe kwamba wote wawili walitia saini mkataba wa rehani. Saini ya mwenzi isiyokuwepo ni hoja ambayo wakili wa mdaiwa ataitafuta kabla ya nyingine yoyote.

Kisha mwombe risiva nakala ya uamuzi wa Msajili Mkuu, ripoti ya mthamini, na jibu la swali moja utakaloliuliza kwa maandishi, kwa barua pepe: je, kuna kesi yoyote iliyofunguliwa kuhusu rehani hii, deni hili au mnada huu? Akijibu kwa maandishi, umepata kitu cha kushika. Akikujibu kwa simu tu, mwandikie tena ukirejea alichosema. Wakili wako naye aulizie kwenye Mahakama ya Biashara ya Nyarugenge, kwa maana migogoro ya rehani za benki huelekea huko.

Kama unachonunua ni sehemu ya ghorofa, uangalizi huongezeka. Nyumba za namna hiyo zinaongozwa na sheria ya 2010 ya majengo ya umiliki wa pamoja: hati iwe ya nyumba yako hasa, siyo ya jengo zima, na ujue ngazi, paa na uwanja vinatunzwa na nani na kwa mchango gani. Usinunue kwa karatasi ya ugawaji peke yake, hata kama anayeuza ni mtu unayemheshimu.

Nenda ukaone

Tangazo hukuruhusu kuitembelea nyumba, lakini risiva hawezi kukulazimishia kuingia chumbani kwa mtu. Nenda naye mara ya kwanza, mchana. Rudi peke yako jioni, watu wakiwa wamerudi kazini.

Ukisimama nje ya lango unaona mengi. Nguo zilizoanikwa zinakuambia kuna watoto wangapi na wa umri gani. Milango miwili yenye kufuli tofauti inakuambia kuna familia mbili, si moja. Nyumba nyingi za pembezoni mwa Kigali zina vyumba vya nyuma vilivyopangishwa kivyake, na tangazo likasema “nyumba ya makazi” tu; usije ukakuta umemalizana na wa mbele kumbe wa nyuma hujawahi kumsalimu. Tazama mita ya umeme. Kwa kuwa umeme ni wa kununua kabla, mtu asiyelipa pango bado anajinunulia Cash Power, na hakuna deni kubwa la kukuangukia upande huo. Maji ni kinyume: bili ya WASAC, shirika la maji, huja baada ya kutumia, na ya miezi mingi inaweza kuwa inakusubiri. Andika namba ya mteja, ukaulizie. Angalia pia mfereji wa maji ya mvua na ukuta wa kuzuia udongo, hasa kiwanja kikiwa kwenye mteremko. Mtu anayejua ataondolewa hazibui mfereji.

Halafu nenda kwa kiongozi wa mudugudu. Jitambulishe kwa jina lako, sema unafikiria kushiriki mnada, uliza nani anaishi pale na tangu lini. Usijifanye mtu mwingine, wala usitume dalali akakuulizie kwa hila. Kiongozi huyu ndiye atakayeitwa kushuhudia siku ya makabidhiano, na akikujua kama mtu mkweli tangu mwanzo, atasema neno zuri kwa aliyemo ndani wakati wewe hupo. Na ukipata nafasi ya kwenda kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, utasikia habari za nyumba hiyo ambazo hazimo katika faili lolote.

Ukimkuta aliyemo, msalimie. Usizungumzie kuhama kabla hujawa mmiliki. Huna haki hiyo, na utakuwa umemtisha bure. Inatosha kusema: “Mama, nimekuja kuiangalia nyumba kwa sababu imetangazwa. Nikiipata, nitakuja tuzungumze, sitakuja na watu wa kukutoa.” Sentensi hiyo nimeona ikifungua milango iliyokuwa imefungwa kwa risiva.

Hesabu ya dau

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia, kwa sababu wanalinganisha bei ya mnada na bei ya soko na kuona faida ambayo haipo.

Chukua mfano, tarakimu zake ni za kuonyesha njia tu. Nyumba imekadiriwa faranga milioni 60. Wewe, kwa kuilinganisha na nyingine za Kanombe, unaona ikiwa tupu na safi ungeinunua kwa milioni 52. Inaweza kupangishwa kwa 350,000 kwa mwezi. Sasa toa. Miezi 9 bila pango, ukichukulia kwamba mazungumzo yatashindikana na utaenda mahakamani: 3,150,000. Wakili na mhesha wa mahakama, yaani mtekelezaji wa hukumu, tuseme 1,500,000. Fedha ya kumsaidia aliyemo kuhama, 700,000. Ukarabati wa nyumba ambayo hujaiona ndani, 4,000,000, na usipunguze hapo. Jumla 9,350,000. Dau lako la juu kabisa ni 42,650,000. Liandike kwenye karatasi kabla mnada haujafunguliwa, kwa sababu mnada wa mtandaoni una joto lake. Dakika za mwisho watu hupandisha kwa kuogopa kupitwa. Ukipitwa, nyumba nyingine itatangazwa. Na mnada wa kwanza ukikosa bei nzuri, nyumba ileile inaweza kurudi kwa awamu ya pili au ya tatu. Tangazo husema ni awamu ya ngapi, na taarifa hiyo yenyewe inakufundisha wengine waliionaje.

Dau linawekwa kwenye tovuti ya cyamunara.gov.rw. Kushiriki kunahitaji dhamana, kwa kawaida 5% ya thamani iliyokadiriwa, kwa mfano wetu milioni 3, inayowekwa kwenye akaunti ya fedha za minada ya Wizara ya Sheria. Uwe na fedha zote tayari. Muda wa kumalizia malipo ni mfupi, na benki yako haitakukopesha kwa haraka kwa rehani ya nyumba ambayo hati yake bado ina jina la mtu mwingine. Ukishinda ukashindwa kulipa, dhamana iko hatarini.

Umeshinda

Usiende Busanza bado. Kwanza lipa, kusanya ripoti ya mnada, mkataba wa mauzo, risiti, na karatasi ya kufuta rehani ya zamani, kisha hamisha hati kupitia kwa noteri wa ardhi. Uliza mapema, tena kwa maandishi, ni nani anabeba kodi ya kuuza mali na malimbikizo ya kodi ya majengo yaliyoachwa na mmiliki wa zamani, maana deni la Mamlaka ya Mapato likibaki wazi linaweza kukukwamisha kwenye uhamisho. Hadi jina lako lionekane kwenye mfumo, unachoweza kumwonyesha aliyemo ni maneno.

Tarehe ya hati kuwa yako ina uzito mwingine pia. Pango unaloweza kudai ni la kuanzia umiliki wako. Malimbikizo ya nyuma ni mgogoro kati ya mpangaji na mwenye nyumba wa zamani. Usiyarithi, na mwambie mpangaji hivyo waziwazi siku ya kwanza: “Ya nyuma si yangu, sitakudai.” Utaona mabega yakishuka. Mtu aliyekuwa akijificha kwa sababu ya deni la miezi 10 ghafla ana mahali pa kuanzia.

Mazungumzo

Nenda na barua, nakala ya hati na kiongozi wa mudugudu au jirani anayeheshimika. Usiende na umati. Kaa chini kama utakaribishwa, na kama ni nyumba ya mzee, acha azungumze mpaka amalize habari ya benki. Itachukua muda. Hiyo ni nyumba aliyoijenga, pengine tofali kwa tofali kwa miaka 15, na kusikilizwa ni kitu ambacho hakuna ofisi iliyompa.

Kisha weka mezani njia mbili, zote kwa maandishi. Ya kwanza ni kubaki kama mpangaji wako, kwa mkataba mpya, pango la soko, mwezi wa kwanza ukilipwa siku ya kusaini. Ninaipendekeza kwa yule mpangaji aliyeacha kulipa kwa kuchanganyikiwa. Siipendekezi kwa mwenye nyumba wa zamani, hata akiomba sana. Moyoni nyumba bado ni yake, na kila atakapochelewa kulipa mtakuwa mnagombana upya juu ya mnada.

Njia ya pili ni kuondoka kwa tarehe mliyokubaliana, nawe umpe fedha ya kuanzia. Wapo wanaoona vibaya kumlipa mtu anayekaa bure. Rudi kwenye hesabu. Kila mwezi wa kesi unakugharimu 350,000 ya pango unalolikosa, mbali na wakili. Ukimpa laki 7 akaondoka mwezi ujao, umeokoa mara kadhaa ya hiyo, na mtu ameondoka akiwa na gari la kubebea vyombo na amana ya chumba kingine. Pia nyumba unaipata na masinki yake, milango yake na nyaya zake. Anayetolewa kwa nguvu huondoka nazo.

Tarehe ipangwe kwa kalenda ya shule. Mwaka wa shule Rwanda unaanza Septemba na una mihula mitatu. Mama mwenye watoto wa msingi hapo Busanza ataigomea tarehe 10 ya mwezi wa Februari, lakini atakubali mwisho wa muhula, na tofauti inaweza kuwa ni wiki 6 tu. Nimeona mapatano yaliyokwama kwa miezi yakimalizika kwa swali moja: “Watoto wanafunga lini?”

Makubaliano yaandikwe kwa lugha anayoisoma yeye, yaani Kinyarwanda, na yasainiwe mbele ya noteri. Yataje majina ya watu wazima wote wanaoishi humo, tarehe ya kutoka, kiasi cha fedha na namna kitakavyotolewa, nani analipa bili ya maji ya mwisho, na tamko kwamba wanaondoka kwa hiari na hawana madai ya kukaa. Fedha usitoe zote. Robo siku ya kusaini ili apate kutafuta nyumba, iliyobaki siku ya kukabidhi, nyumba ikiwa tupu, vyumba vya nyuma pia, kupitia MoMo au benki ili ushahidi ubaki. Siku hiyo piga picha kila chumba, soma mita zote mbili, ya umeme na ya maji, kiongozi wa mudugudu atie saini kwenye karatasi ya makabidhiano. Kufuli ubadilishe baada ya saini, kamwe si kabla.

Akikataa

Wapo watakaokataa, na hapo inabidi sheria ifanye kazi yake. Mpe barua rasmi ya notisi, ipelekwe na mhesha wa mahakama wa kitaalamu ili tarehe ya kuipokea isije ikabishaniwa. Muulize huyohuyo mhesha, na wakili wako, kama karatasi ulizonazo zinatosha kupata kashe mpuruza, yaani mhuri wa amri ya utekelezaji, ya kutekeleza makabidhiano, au ni lazima ufungue kesi ya kuomba aondoke. Jibu linategemea mnada ulipita njia gani na aliyemo ni nani: mdaiwa mwenyewe yuko ndani ya mnada tangu mwanzo, ilhali mpangaji mwenye mkataba wake ni mtu wa tatu ambaye hajawahi kusikilizwa.

Kamati za abunzi, yaani wapatanishi wa mtaani, zinafaa kwa migogoro midogo. Mali isiyohamishika inayozidi thamani ya faranga milioni 3 iko nje ya uwezo wao. Wakili achague mahakama kwa uangalifu, kwa sababu kesi iliyopelekwa pasipo pake inarudishwa na miezi yako inakuwa imekwenda. Kesi inafunguliwa kwa mtandao kupitia mfumo wa IECMS, hivyo hata ukiwa Goma, Dar es Salaam au Brussels unaweza kuifuatilia, mradi umempa mtu wa Kigali hati ya uwakilishi. Omba ndani yake vitu viwili: aondoke, na alipe fidia ya kukaa kuanzia tarehe ya hati yako. Hata kama hutarajii kuipata fidia hiyo, inakuwa kitu cha kusamehe mtakaporudi kwenye mapatano, na kesi nyingi huishia huko.

Mwambie pia, kwa dhati, kwamba kuna ofisi ya MAJ wilayani Kicukiro inayotoa msaada wa sheria bila malipo. Wengine watashangaa kwa nini nakuelekeza umpelekee mpinzani wako mshauri. Mtu anayeshauriwa na mwanasheria wa serikali kwamba mnada ulikuwa halali hukubali mapema kuliko yule anayeshauriwa na shemeji.

Wakati huo wote, usiguse nyumba. Usikate maji, usichomoe mita, usiezue bati hata moja, usiingie akiwa sokoni ukatoa vitanda nje. Umiliki wa hati haukupi ruhusa ya kuvunja makazi ya mtu, na polisi wakiitwa, atakayejibu maswali ya wapelelezi wa RIB ni wewe. Zaidi ya hatari hiyo, mle ndani kuna watoto watakaokumbuka usiku ule maisha yao yote. Hukumu ikishatoka na kashe ikapigwa, mhesha wa mahakama ataondoa vitu kwa utaratibu, viongozi wa eneo wakiwapo. Mwombe apange asubuhi, siku isiyo ya mvua.

Nyumba ikiwa tupu

Utahitaji fundi kwa wiki kadhaa. Kabla hujabomoa au kuongeza chumba, angalia kiwanja kiko katika ukanda gani wa Mpango Mkuu wa Kigali wa 2050. Upangaji mpya haukufuata kila nyumba iliyokuwapo, na kibali cha ukarabati ni rahisi kukipata kuliko cha ujenzi mpya.

Weka kodi za serikali ndani ya pango unalopanga kutoza. Nyumba moja ya kuishi mwenyewe imesamehewa kodi ya majengo, lakini hii ya kupangisha haimo katika msamaha huo: ni 0.5% ya thamani kwa mwaka kwa nyumba ya makazi, mwisho wa kulipa tarehe 31 Desemba. Juu yake kuna kodi ya mapato ya pango, inayotangazwa na kulipwa kabla ya 31 Januari kwa mapato ya mwaka uliopita. Nusu ya pango huhesabiwa kuwa gharama na huondolewa kwanza. Kwa 350,000 kwa mwezi unakusanya 4,200,000 kwa mwaka, inabaki 2,100,000 ya kutozwa: faranga 180,000 za kwanza hazitozwi, kutoka hapo hadi milioni 1 ni 20%, zinazozidi ni 30%. Inafika 494,000, yaani zaidi ya pango la mwezi mmoja. Na thamani ya nyumba ikiwa milioni 45, kodi ya jengo inaongeza 225,000.

Mpangaji mpya aandikiwe mkataba unaotaja akaunti moja tu ya kulipia, siku ya mwezi, urefu wa notisi kwa kila upande, na nani anamiliki namba ya mteja wa maji. Tumia mkataba huohuo kwa yule uliyemkuta ndani na kuamua abaki, bila kumpunguzia sharti wala kumwongezea.